"Simu yako ina virusi 13": Kagua kwanza kabla ya kupiga dawa

Leo naomba tuache kidogo habari za mbolea na bei ya tenga, tuongee kuhusu virusi. Siyo vile vya nyanya, ingawa kisa chenyewe kilianzia kwenye nyanya.

Mwezi uliopita kijana mmoja wa hapa Ilula, mwenye ekari moja na nusu ya nyanya, aliona majani ya juu yamejikunja, yamekuwa ya njano na miche imedumaa. Ni ule ugonjwa ambao wengi wenu mnauita rasta. Badala ya kunipigia, akaingia mtandaoni kwa simu na kuandika "dawa ya virusi vya nyanya". Alifungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa pili. Alipofika wa tatu na kugusa mahali ili asome zaidi, simu ikaanza kutetemeka. Kioo chote kikawa chekundu: "ONYO! Simu yako ina virusi 13. Laini yako itaharibika na picha zako zote zitafutika ndani ya dakika 2. Safisha sasa." Chini yake kulikuwa na saa inayohesabu kurudi nyuma. Juu ilikuwa imeandikwa aina ya simu yake na jina la mji.

"Bwana shamba," aliniambia baadaye, "nilijua wameniona kabisa. Wangejuaje simu yangu ni ya aina gani?"

Akabonyeza. Akapelekwa kwa "fundi" wa WhatsApp. Fundi akataka shilingi 15,000 za kusafisha simu, akalipa. Kisha fundi akamwambia virusi vimeshaingia kwenye laini, kwa hiyo ahakiki laini yake kabla hela zake hazijazuiwa. Afungue menyu ya kutuma pesa, aweke namba atakayopewa, halafu mahali panapofuata aingize "namba ya uhakiki" 418250, amalizie na namba yake ya siri. Kijana alikuwa kwenye presha, saa inahesabu, fundi anaharakisha. Akafanya hivyo hivyo. Mahali penyewe palikuwa pa kuweka kiasi. Shilingi 418,250 zikaondoka, na ilikuwa hela ya mbegu chotara na mbolea ya awamu ya pili. Mpaka leo naandika haya, ile sehemu ya pili ya shamba haijapandwa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nyanya ikishashikwa na virusi vya rasta, hakuna dawa ya kupuliza inayoiponya. Tunachofanya ni kudhibiti inzi weupe wanaovisambaza, kung'oa mapema miche iliyougua, na msimu unaofuata kupanda mbegu yenye ukinzani. Kwa hiyo siku ile kijana wetu alikuwa anatafuta dawa ya virusi ambayo haipo, akauziwa dawa ya virusi ambavyo havikuwepo.

Msimcheke. Na mimi niliponea chupuchupu.

Miaka michache iliyopita nilikuwa ofisini naandaa taarifa, natafuta fomu fulani mtandaoni. Ghafla kompyuta ikajaa ukurasa wa bluu, king'ora kikaanza kulia, na sauti ya mwanamke ikawa inasema kwa Kiingereza kwamba kompyuta imefungwa kwa usalama, nisiizime, nipige namba ya simu iliyoandikwa pale. Jina la Microsoft lilikuwa pale pamoja na nembo yake. Nilitokwa jasho, maana ndani mlikuwa na taarifa za wakulima wa kata nzima. Nikachukua simu nikapiga. Namba ilikuwa ya nje ya nchi, vocha ikawa haitoshi. Kilichoniokoa siku ile ni vocha, siyo akili. Kijana mmoja fundi wa kompyuta pale stendi alikuja, akashikilia kitufe cha Esc sekunde chache, akafunga ukurasa, kelele zikaisha. Kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Hata hela hakuchukua.

Tangu siku hiyo nimejifunza, na leo nawapa somo lote.

Ukurasa wa mtandao hauwezi kupima simu yako

Hili ndilo la kushika kuliko yote. Ukifungua ukurasa kwenye Chrome au kivinjari kingine, ukurasa ule unaonyeshwa ndani ya kivinjari tu. Haupewi nafasi ya kuzunguka ndani ya simu, kufungua mafaili yako yote na kuhesabu virusi. Mwenye ukurasa anayesema "nimekuta virusi 13" hajakuta kitu, kwa sababu hajaingia.

Chukua mfano wa shambani. Mtu anapita barabarani na bodaboda, hajashuka, hajageuza hata jani moja, anapiga kelele: "Shamba lako lina kantangaze! Nunua dawa yangu sasa hivi, ukichelewa dakika mbili umekwisha!" Utampa hela? Wote mnajua kwamba kantangaze inatafutwa kwa kuingia shambani, kuzunguka kila upande na kuangalia michirizi kwenye majani na matundu kwenye matunda. Asiyekagua hawezi kujua. Ya simu ni vivyo hivyo.

Sasa walijuaje simu yangu na mji wangu?

Hapa ndipo watu wengi wanapoingia mkenge. Kila unapofungua ukurasa wowote, kivinjari chako kinajitambulisha. Kinataja ni kivinjari gani, kiko kwenye Android au Windows, na mara nyingi hata aina ya simu. Kinafanya hivyo ili ukurasa upangwe vizuri kwa ukubwa wa kioo chako. Pia anwani ya intaneti unayotumia inaonyesha mtandao wako wa simu, na kwa kukadiria inaonyesha uko sehemu gani. Kukadiria tu, ndiyo maana wakati mwingine uko Ilula wanakuandikia Dodoma au Dar es Salaam.

Taarifa hizo hata ukurasa wa bei za mazao unazipata. Ni sawa na muuza duka la pembejeo kuona matope mekundu kwenye buti zako na kusema, "Wewe unatoka shambani." Kweli kabisa, lakini hajui kwenye mfuko wako kuna shilingi ngapi.

Kutetemeka, king'ora na saa inayokimbia nayo ni mapambo. Ukurasa unaweza kutetemesha simu na kupiga sauti. Ukiufungua upya, mara nyingi utaona ile saa imeanza tena mwanzo, kama vile dakika mbili hazikupita.

Biashara hii siyo ya jana

Mwezi Desemba 2008, Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilifungua kesi dhidi ya genge lililouza programu zenye majina kama WinFixer, DriveCleaner na ErrorSafe. Mtu alionyeshwa tangazo, kompyuta yake "ikapimwa" bure, na kila aliyepimwa aliambiwa ana matatizo makubwa. Kisha akauziwa dawa. Zaidi ya watu milioni moja walinunua. Mwaka 2012 mahakama iliamuru zilipwe zaidi ya dola milioni 163.

Mwaka 2024, kampuni mbili za Cyprus, Restoro na Reimage, zilikubali kulipa dola milioni 26 katika kesi nyingine ya FTC, zikituhumiwa kutumia maonyo yaliyoigiza ya Windows ili kuuza huduma za kutengeneza kompyuta. Kwa hiyo ukipigwa usijione mjinga. Huu ni mradi wa watu wanaoishi kwa kazi hiyo, na mtaji wao ni hofu yako.

Jinsi ya kulitambua onyo la uongo

Kuna maonyo ya kweli pia, msije mkapuuza kila kitu. Ukifungua tovuti hatari, Chrome yenyewe inaweza kukuletea ukurasa mwekundu unaokuzuia usiingie. Tofauti yake ni hii: onyo la kweli linakwambia *ondoka hapa*. Onyo la uongo linakwambia *njoo hapa*: bonyeza, pakua, piga simu, lipa.

Angalia dalili hizi:

1. Linakupa dakika chache. Lengo ni usipate muda wa kumuuliza mtu.
2. Lina namba ya simu au ya WhatsApp. Microsoft wenyewe wanasema maonyo yao hayawekewi namba ya simu ya kupiga.
3. Linakutaka upakue programu nje ya Play Store.
4. Linataka hela, namba ya siri, au ile namba ya uhakiki inayokuja kwa SMS.
5. Limekuja ukiwa unasoma ukurasa fulani, na ukiufunga nalo linapotea.
6. Kiswahili chake ni cha kuungaunga, kama kimetafsiriwa na mashine. Lakini usitegemee hili peke yake, maana siku hizi wanaandika vizuri.

Dalili moja kati ya ya pili, ya tatu na ya nne inatosha. Usisubiri zitimie zote.

Likikutokea kwenye simu

Kwanza, toa mikono. Usibonyeze chochote kilichoandikwa ndani ya onyo, iwe "Safisha", "Ghairi" au hata alama ya X iliyochorwa pale. Hiyo X inaweza kuwa sehemu ya tangazo, na ukiigusa ni sawa na kukubali.

Pili, zima data. Vuta kioo kutoka juu, zima intaneti. Bila bando ukurasa hauwezi kukuletea mengine.

Tatu, funga ukurasa kwa vitufe vya Chrome yenyewe. Gusa kile kiboksi kidogo chenye namba kwenye menyu ya Chrome, utaona kurasa zote ulizofungua, uondoe ule mbaya. Kama kioo kimeng'ang'ania, rudi mwanzo wa simu kwa kitufe cha katikati, ingia "Settings", kisha "Apps", chagua Chrome, gusa "Force stop". Ukifungua Chrome tena data ikiwa bado imezimwa, uondoe ukurasa ule kabla hujawasha.

Nne, pima mwenyewe. Fungua Play Store, gusa picha yako juu kulia, chagua "Play Protect", halafu "Scan". Kipimo hiki kiko ndani ya simu yako na ni bure. Huyu ndiye bwana shamba aliyeingia shambani. Kama hukubonyeza wala kupakua kitu, karibu mara zote utakuta simu yako salama.

Likikutokea kwenye kompyuta

Shikilia kitufe cha Esc mpaka ukurasa uache kujaza kioo, kisha ufunge. Ikishindikana, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chagua kivinjari kwenye orodha, gusa "End task". Ikishindikana kabisa, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka kompyuta izime. Ukiiwasha na kivinjari kikauliza kama kirudishe kurasa zilizokuwa wazi, kataa.

Matangazo yanayokuja hata Chrome ikiwa imefungwa

Wengine mnaniambia, "Bwana shamba, mimi nafunga lakini asubuhi naamka nakuta maonyo kumi juu ya kioo." Mara nyingi hivi siyo virusi. Siku fulani ukurasa ulikuuliza kitu kama "Bonyeza Allow kuthibitisha wewe si roboti," nawe ukabonyeza. Uliwapa ruhusa ya kukutumia ujumbe kila wakitaka.

Dawa yake: fungua Chrome, gusa vidoti vitatu, ingia "Settings", kisha "Site settings", kisha "Notifications". Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Zima kila usiyoijua. Kazi ya dakika moja, na huhitaji kununua kitu.

Dalili zinazotakiwa kukutia wasiwasi kweli ni nyingine: matangazo yanayofunika kioo ukiwa kwenye programu yoyote, programu usiyokumbuka kuiweka, bando au vocha kuisha bila sababu, au watu kupokea linki kutoka kwako ambazo hukutuma. Hapo kagua simu bila kuchelewa.

Umeshabonyeza? Fanya haya, tena haraka

Aibu isikucheleweshe. Kijana wetu alikaa siku tatu bila kumwambia mtu. Siku tatu kwa matapeli ni msimu mzima.

1. Kama hela imetoka, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako au benki yako muda huo huo, kwa namba uliyoizoea, siyo namba uliyopewa na "fundi". Omba muamala uzuiwe. Usifute SMS ya muamala wala mazungumzo ya WhatsApp, huo ni ushahidi.
2. Kama umetaja namba ya siri, ibadilishe. Nywila za barua pepe na mitandao zibadilishe kwa kutumia simu nyingine iliyo salama.
3. Kama umepakua programu, zima data, ingia "Settings", "Apps", uiondoe. Ikikataa kutoka, huenda uliipa mamlaka makubwa. Tafuta ndani ya "Settings" sehemu ya "Device admin apps" na ile ya "Accessibility", uizime huko kwanza, halafu uiondoe. Kisha pima kwa Play Protect.
4. Ikigoma kabisa, hifadhi picha na namba zako mahali pengine, urudishe simu kama ilivyotoka kiwandani. Kama hujui, nenda kwa fundi unayemfahamu uso kwa uso.
5. Toa taarifa. Ujumbe na namba za matapeli hapa Tanzania zinatumwa kwenda 15040. Polisi pia nenda, kwani tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Na piga \*106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukakuta kuna laini usiyoijua.
6. Waambie wenzako wa kikundi, wasifungue linki yoyote iliyotoka kwako siku hizo.

Siwezi kukuahidi kwamba hela itarudi. Tapeli akishaitoa kwa wakala, kuipata ni kazi. Lakini aliyepiga simu ndani ya dakika kumi ana nafasi kubwa kuliko aliyepiga baada ya siku tatu.

Mweka hazina wetu alivyofanya

Nimalizie na kisa kizuri. Baada ya yule kijana kulizwa, tulikaa na kikundi chini ya mti, nikawaeleza haya haya. Wiki mbili hazijapita, dada ambaye ni mweka hazina wao akanipigia jioni. Alikuwa anaangalia bei ya hoho, onyo likamrukia: virusi 7, akaunti ya benki iko hatarini, bonyeza. Simu ile ndiyo yenye hela ya kikundi, michango ya mwezi mzima ya kununulia mipira ya umwagiliaji wa matone.

Nikamuuliza, "Umebonyeza?"

"Sijagusa kitu, bwana shamba. Nimezima data, simu nimeiweka mezani naiangalia tu. Mikono inatetemeka."

Tukafuata hatua moja moja kwenye spika ya simu ya mume wake. Akafunga ukurasa, akapima, akakuta hakuna kitu. Kazi yote haikuzidi dakika tano. Mipira imeshanunuliwa, iko shambani inatoa maji.

Tofauti ya huyu dada na yule kijana siyo elimu, kijana ana kidato cha nne na dada aliishia la saba. Ni kwamba mmoja alipiga dawa kabla ya kukagua, mwingine alikagua kwanza. Shambani nawaambia hivyo kila siku: usipulize kwa sababu jirani amepuliza, usipulize kwa sababu umeogopa, ingia shambani uone. Kwenye simu pia ni hivyo. Na kama hujui cha kukagua, zima data, weka simu mezani, umwite mtu.

Kazi ya kufanya leo kabla hujalala: ingia kwenye "Notifications" za Chrome uone umeruhusu tovuti ngapi. Mimi nilikuta sita kwenye simu yangu, na hakuna hata moja ya kilimo. Halafu msomee somo hili mzazi wako au mwenzako anayeshika hela ya nyumbani.

Wiki ijayo tunarudi shambani. Tutaongelea jinsi ya kuwadhibiti inzi weupe kuanzia kitaluni, ili msimu unaokuja asiwepo mtu wa kutafuta dawa ya rasta usiku kwa simu.